Piga Windows, Mzee

Kuna watu duniani wanalipwa mshahara wa kila mwezi kukitazama kitu kinachofanya kazi vizuri na kukasirika kwamba bado hakijaguswa. Sijawahi kukutana nao, ila kazi zao nazijua. Ukishazoea mahali pa kitufe kwenye simu, wanakihamisha. Ukishajua pa kubonyeza ili uone salio lako, wanapaficha nyuma ya picha ya familia inayocheka. Na ndio haohao waliotoa draiva mpya ya kadi ya picha kwa ajili ya laptopu yangu, ambayo haikuwa imepeleka malalamiko popote.

Kadi yenyewe ina kisa chake. Mimi gemu sichezi. Naandika, natafsiri vyeti na mikataba ya watu, na kwa sababu ambazo ukoo wetu haujawahi kunieleza, kila harusi ikitangazwa mimi ndiye katibu wa kamati. Kwa kazi hizo inatosha mashine yoyote yenye herufi zote. Lakini Kariakoo nilisindikizwa na shemeji, na shemeji hununua vitu kwa kuvipima uzito mkononi. Akaiona laptopu iliyotumika, imetoka Dubai, kibodi inawaka taa nyekundu, mgongoni ina matundu ya kutolea moto. Akainyanyua, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ina kadi," akasema.

"Ina kadi, bosi," muuzaji akaitikia.

Nikauliza kadi ya nini. Wakanitazama wote wawili kwa huruma, nikalipa.

Laptopu za aina hii zina wachoraji wawili wa picha. Wa kwanza ni mdogo, anakaa ndani ya prosesa, hali umeme mwingi, na ndiye anayechora barua, tamthilia na jedwali la michango. Wa pili ndiyo hiyo kadi, ina feni yake na kumbukumbu yake, na huamshwa tu panapokuwa na kazi nzito. Kwangu mimi ilikuwa imelala tangu siku ilipoingia nyumbani. Sikuwa na neno nayo. Na ilale.

Wasiotaka ilale ni walioitengeneza. Viwanda vikubwa vya kazi hii ni vitatu, Nvidia, AMD na Intel, na cha kwangu sikitaji, maana nina watoto wa kulea. Kila kimoja kina kaprogramu kake, na kangu kanajibanza pembeni chini, jirani na saa. Kila baada ya muda kanachomoza: draiva mpya ipo tayari. Ukisoma imekuja kufanya nini, unaambiwa imetayarishwa kwa ajili ya gemu fulani inayotoka wiki hii. Mimi na gemu hiyo tumejuana wapi? Draiva nyingi za kadi hizi hutoka kwa kufuata ratiba ya gemu mpya, wala si kwa sababu mashine yako inaumwa. Nvidia tangu mwaka 2019 wanatoa draiva kwa mikondo miwili, mmoja wa wacheza gemu, mwingine unaitwa Studio, wa watu wanaohariri video na kuchora majengo. Mkondo wa watu wanaoandika kwamba mjomba ameahidi laki moja na hajalipa, huo haujafunguliwa.

Aliyebonyeza ni kijana wa shemeji, aliyekuja kwetu likizo. Simlaumu, kitufe kilikuwa kikubwa, kinang'aa, na mtoto alishalelewa kuamini kwamba kipya ndicho kizuri. Alikuja kuniarifu akiwa na furaha ya mtu aliyetoa sadaka.

"Anko, nimekuapdetia draiva. Sasa hivi itakuwa fasta."

Fasta kuelekea wapi? Jedwali la michango lina safu nne. Na faili la draiva lilikuwa limezidi mega mia sita, kwa hiyo bando langu lote la wiki lilikwenda kuliwezesha jedwali hilo likimbie.

Siku zilizofuata mambo yalikuwa shwari, na ushwari huo ndio uliotupoteza wote baadaye. Niliandika, nilitafsiri, mke wangu alitazama tamthilia zake humohumo, hakuna kilichotikisika. Kisha ikaja Jumamosi ya kikao.

Kamati yetu hukutana nyuma ya baa moja, chini ya turubai, na mwenyekiti wetu ana mbinu yake. Anakodi projekta. Jina lako, ulichoahidi na ulicholipa vinatandazwa ukutani kwa herufi kubwa, mbele ya wakwe, na watu wanaanza kuingiza mikono mifukoni kabla hata ya sala ya kufungua. Nikachomeka waya wa HDMI. Kioo kikawa cheusi. Kikarudi. Kikawa cheusi tena, feni zikaanza kuvuma, mshale wa kipanya ukaganda katikati ya jina la mjomba, halafu ukuta mzima ukageuka buluu na kauso kale kakatokea, nukta mbili na mabano, kamelala ubavu kwa huzuni. Kikao kilinyamaza. Aliyezungumza wa kwanza ni mjumbe mmoja aliyeahidi laki tatu na kulipa elfu ishirini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata nafuu ghafla.

"Poleni sana, katibu. Mimi naona tuahirishe."

Kauso kale kaliletwa na Windows 8 mwaka 2012. Kabla ya hapo skrini ya buluu ilikuwa imejaa maandishi na tarakimu, hukuelewa kitu lakini angalau ulijua mkubwa anazungumza. Mwaka 2016 wakaongeza ile alama ya mraba ya kupigwa picha na simu. Niliipiga, nikapelekwa kwenye ukurasa wa mawaidha ya jumla: zima, washa, ondoa ulichokichomeka. Mwaka 2025 Microsoft wakatangaza kwamba kwenye Windows 11 skrini hiyo itakuwa nyeusi, na kauso hakatakuwepo. Mimi ni wa Windows 10, kwangu bado kapo, kananihurumia. Cha maana kilikuwa mstari mdogo kule chini kabisa, ambao wajumbe wote hawakuuona kwa sababu walikuwa wanaagiza soda: VIDEO_TDR_FAILURE. Niliuandika nyuma ya ajenda.

Kabla sijafika nyumbani nilikuwa tayari na matabibu wengi. Mwenyekiti alisema ni virusi, akaniuliza kwa ukali nimechomeka flashi ya nani. Mweka hazina alisema ni umeme wa pale baa, unapanda na kushuka. Shemeji alisema ni joto, ipelekwe ikapulizwe vumbi. Mke wangu alisema laptopu imechoka kusoma ahadi za uongo, na mpaka leo naona yeye ndiye aliyekaribia.

Nikaenda kwa fundi. Huyu ni kijana mwenye kimeza kidogo kwenye korido, taa ya kumulika, na kopo la skrubu zisizojulikana zimetoka kwenye mashine zipi. Akaiwasha. Ikawaka. Akafungua hiki na kile, akacheza video, ikatulia kabisa, mnafiki yule.

"Mbona nzima, mzee?"

Nikamweleza habari za ukuta. Hata sikumaliza.

"Piga Windows, mzee. Elfu ishirini, unaisubiri hapohapo."

Katika mji huu hakuna maradhi ya kompyuta ambayo dawa yake si kupigiwa Windows. Sauti haitoki, piga Windows. Betri haikai, piga Windows. Nina hakika ukimpelekea laptopu iliyovunjika bawaba atauliza kwanza flashi yake ya Windows iko wapi. Kufuta kila kitu na kuanza upya ni kazi isiyohitaji kujua kilichotokea, na ndiyo maana inapendwa. Ila fikiria na wewe: akishafuta vyote, akaweka Windows mpya, akarudisha na kale kaprogramu ka pembeni, kataleta draiva gani? Ileile. Nitakuwa nimelipa elfu ishirini na kupoteza majina ya wachangiaji, na yule wa laki tatu atatoa sadaka ya shukrani.

Nikamuuliza kama haiwezi kuwa draiva. Akacheka kwa upole.

"Draiva ni mpya kabisa, mzee. Itaharibikaje?"

Hapo nilitamani kukalia kopo lake la skrubu nimsimulie. Mwaka 2007 Windows Vista ilipoingia sokoni, watu walilia dunia nzima kwamba inaanguka. Baadaye ikafunguliwa kesi Marekani kuhusu namna kompyuta zile zilivyouzwa, na nyaraka zilizotoka mwaka 2008 zikaonyesha kwamba katika miangusho iliyorekodiwa mwaka ule wa kwanza, karibu asilimia 29 ilitokana na draiva za Nvidia, na lawama zikawa zimeenda kwa Vista. Machi 2010 Nvidia hao wakalazimika kuliondoa toleo lao namba 196.75, jipya kabisa, kwa sababu liliharibu mwendo wa feni na kadi zikawa zinapata moto. Na si kadi za picha tu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja dogo la kuapdeti, na kwa hesabu ya Microsoft kompyuta kama milioni 8.5 zikageuka buluu, ndege zikalala viwanjani. Zote hizo zilikuwa mpya, kijana wangu. Upya ndio uliokuwa ugonjwa.

Sikumsimulia. Alikuwa ameshashika laptopu ya mtu mwingine, naye anapigiwa Windows.

Draiva inaweza kuiangusha kompyuta nzima kwa sababu ya mahali inapokaa. Programu ya kawaida, kama ya kuandikia, inakaa sebuleni. Ikichanganyikiwa inafungwa peke yake na wengine wanaendelea. Draiva ina kipande kinachokaa chumba cha ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ambako kosa moja tu linawaamsha wote. Watengenezaji wa Windows walilijua hilo, na tangu Vista wakaweka mlinzi. Kazi yake ni kuingoja kadi. Kadi ikipewa kazi isijibu kwa sekunde 2, mlinzi anaitikisa na kuianzisha upya, ndipo unapoona kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua kisha kinarudi. Ikigoma hata baada ya kutikiswa, anazima mji mzima na kukuandikia yale maneno yaliyokuwa nyuma ya ajenda yangu. Sekunde 2! Mimi juzi tu nilisimama dirishani kusubiri mhuri mmoja mpaka mwenye mhuri akaenda chai, akarudi, akanikuta, akaniuliza nina shida gani. Lau tungekuwa na subira ya mlinzi yule, nchi ingekuwa inawashwa upya kila saa.

Lakini kwa nini ukutani tu, na nyumbani hapana? Hilo lilinikosesha usingizi kuliko kauso. Jibu lipo kwenye tundu la HDMI. Katika laptopu nyingi za namna hii, kioo cha mashine yenyewe kinachorwa na yule mchoraji mdogo, ila tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja na kadi kubwa. Ukichomeka projekta, hata kama unaonyesha majina matupu, lazima kadi iamke. Kadi ikiamka inaisoma draiva yake mpya, na hapo ndipo fitina inapoanza. Ndiyo maana kwa fundi ilijifanya malaika. Hakuwa na projekta.

Sasa ilibaki kupata ushahidi, maana nyumba yangu ina hoja nyingi. Windows ina daftari la siri ambalo sijui kwa nini hawalitangazi. Unaandika perfmon /rel kwenye kisanduku cha kutafutia, unabonyeza, linafunguka grafu la siku kwa siku, lenye alama ya afya kutoka 1 hadi 10, na chini yake duara jekundu lenye msalaba kila siku mashine ilipoanguka. Mstari wangu ulikuwa umenyooka juu, safi, miezi na miezi. Kisha upo mstari mmoja wa taarifa: draiva ya kadi ya picha imesakinishwa. Ukisogea mbele kidogo, Jumamosi ya kikao, duara jekundu, na mstari umeporomoka. Virusi havikutajwa. Umeme wa baa haukutajwa. Nilimwita shemeji aone. Akatazama grafu muda mrefu, akasema, "Na joto pia huchangia."

Dawa iliyoandikwa kwenye vitabu ni rahisi. Unafungua orodha ya vifaa, unaichagua kadi, unaingia kwenye ukurasa wa draiva, unabonyeza kitufe cha kurudisha ile ya zamani. Kitufe nilikikuta. Kilikuwa kimepauka, hakibonyezeki. Kinapauka pale ambapo ya zamani haikuhifadhiwa, na mtoto wa watu, katika ukarimu wake, alikuwa ameweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta mabaki yote kabla ya kusakinisha mpya. Kazi safi kabisa. Shuleni kwao wamefundishwa usafi.

Basi ikabidi kung'oa. Watu wanaoteseka na kadi hizi wana programu yao ya bure, Display Driver Uninstaller, wenyewe wanaiita DDU, inayosugua draiva mpaka kwenye nyufa. Masharti yake ni mawili ya kuzingatia. Uchukue kwanza draiva ya zamani na kuiweka pembeni, nami niliipata kwenye ukurasa wa waliotengeneza laptopu, toleo walilolipima na mashine hiyohiyo. Halafu ukate intaneti kabisa, kwa sababu Windows ikiona kadi haina draiva itakuletea yoyote kwa nia njema, na nia njema nilikuwa nimeshaipata ya kutosha. Unashikilia Shift huku ukibonyeza kuwasha upya, unapita vyumba kadhaa vya buluu, unaingia kwenye hali salama. Humo kompyuta inachora kwa draiva ya msingi ya Microsoft, ile ya kukopeshana: alama zimekuwa kubwa, rangi zimechoka, kila kitu kinaenda kwa kuburuza. DDU ikasugua. Ikawaka upya. Nikasakinisha ya zamani huku mke wangu akiniuliza kutoka sebuleni kama intaneti imeisha au nimeikata, maana jibu la maswali hayo mawili si moja.

Projekta sikuwa nayo, ila televisheni ilikuwepo, na tundu la HDMI ni tundu la HDMI. Niliingia sebuleni na waya mkononi wakati mama mkwe wa kwenye tamthilia anakaribia kufungua bahasha. Nikachomeka. Kioo kikawa cheusi, na nyuma yangu kukawa na ukimya ambao nisingependa kuuelezea zaidi. Kisha likatokea jedwali la michango, safu nne, limetulia, mjomba juu na laki moja yake. Nikaliacha hapo kwa muda ili kuthibitisha. Niliambiwa limethibitika.

Kale kaprogramu ka pembeni nimekanyima ruhusa ya kujiwasha pamoja na mashine. Najua watakuja watu wa usalama kuniambia draiva nazo zina mianya inayozibwa, na ni kweli, nyingine ni za kuziba mianya, mtu asije akakaa na ya mwaka juzi mpaka wezi wakamzoea. Nitaapdeti. Nitaapdeti siku nitakayoitaka mimi, harusi ikiwa imeshapita, na nikiwa na ya zamani kwenye flashi. Nimeweka na nenosiri, bila hilo hakisakinishwi kitu.

Kikao kilichofuata mwenyekiti aliwaeleza wajumbe kwamba katibu alikuwa na virusi na sasa amepona. Projekta ikawaka, majina yakapanda ukutani, mifuko ikaanza kufunguka. Mzozo uliobaki ni wa nyumbani. Kijana wa shemeji amerudi likizo nyingine na gemu lake halifunguki. Linamwambia draiva ni ya zamani, aweke mpya. Nimemwambia mtaa wa pili kuna uwanja, mpira wake haudai toleo. Amenuna. Na jana nimeambiwa kwamba yule mjumbe wa laki tatu amekuwa akimnunulia soda, na kumuuliza taratibu kama katibu huandika nenosiri lake mahali popote.